Fundi Aliyeogopa Reli Iliyong'olewa

Nyumba yangu ya Nachingwea ilinigharimu milioni kumi na tisa na laki mbili. Nimehesabu mara mbili: mara ya kwanza nikiwa nimesimama, mara ya pili nikiwa nimekaa chini. Humo kuna saruji niliyojiuzia mwenyewe kwa bei ya jumla, kuna mabati, kuna ujira wa fundi tulioubishania tangu asubuhi mpaka adhana ya alasiri. Hofu sikuijumlisha kwa sababu haikuja na risiti. Ningeijumlisha, mabati yangeonekana bei rahisi.

Fundi mwenyewe ndiye ninayetaka kuandika habari zake. Jina lake ninalijua, ila mtaani hakuna anayelitumia. Wengine ni fundi bomba, fundi simu, fundi cherehani. Yeye ni fundi tu. Ukilitaja neno hilo peke yake, mtoto yeyote wa mtaa wetu atakunyooshea kidole bondeni, kwenye nyumba ya udongo iliyoezekwa nyasi. Hapo tayari utaanza kushangaa. Mtu aliyejenga nusu ya nyumba za matofali za mtaa ule, mwenyewe analala chini ya nyasi, mahali ambapo mvua ikinyesha vyura wanahamia ndani.

Mimi ni mtu wa kuja. Nilishuka kutoka nyanda za juu kufuata ufuta, nikaona wanaouza ufuta wote wanataka kujenga, nikaacha magunia na kufungua duka la vifaa vya ujenzi pale Ruangwa. Nyumba nikaiweka Nachingwea, kwa sababu mtu anayekaa jirani na duka lake anaombwa mkopo mpaka akiwa anapiga mswaki. Fundi nilimfahamu kwanza kama mteja. Alikuwa anakuja Ruangwa kuchagua msumari mmoja mmoja, anautazama kwenye mwanga kama anayenunua dhahabu.

"Fundi, misumari inauzwa kwa kilo."

"Na ukuta unaanguka kwa msumari mmoja, mama."

Miaka yote tuliyofahamiana sikuwahi kumshinda kwa maneno. Kwa bei nilimshinda, lakini naanza kufikiri kwamba aliniachia.

Jambo la kwanza ambalo mgeni angelishangaa kwake ni namna alivyokuwa akivuka tuta. Nyuma ya mtaa wetu kuna tuta refu la udongo mwekundu, limenyooka kama limepigwa kamba, na watu wanalikatisha kutwa kwenda kisimani, shuleni, msikitini. Fundi akilifikia husimama. Anaangalia kulia, anaangalia kushoto, anasubiri kidogo, halafu anavuka haraka huku ameshika kofia yake. Ni zaidi ya miaka sitini tangu kitu chenye magurudumu ya chuma kipite pale. Watoto walikuwa wanajificha kwenye mikorosho wanampigia honi kwa midomo.

"Fundi, treni imeshapita!"

"Ipi? Ya kwenda au ya kurudi?"

Watoto walicheka. Mimi nilicheka siku ya kwanza. Siku ya pili niliuangalia uso wake, nikaona kijasho juu ya mdomo, na ilikuwa asubuhi ya baridi.

Kwa msomaji asiye wa huku: tuta lile ni la reli. Waingereza walitaka karanga. Wakaleta matrekta, wakang'oa msitu, wakajenga reli kutoka pwani mpaka Nachingwea ili ije kubeba mavuno. Karanga zikagoma. Reli ikabaki inabeba watu, korosho, mihogo mikavu na hasara, kisha baada ya Uhuru ikaonekana haijilipi, ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Kila nikiisikia habari hiyo nashika kichwa. Yaani mtu ananunua magunia, anakodi lori, anaajiri wapagazi, shamba hajaliona. Hata mwanangu wa darasa la nne hawezi kufanya biashara hiyo.

Vyuma viliondoka, tuta likabaki. Ardhi ya kando ya tuta, iliyosawazishwa na wajenzi wa reli, ni kavu, ngumu, haina visiki wala haituamishi maji. Kwa hiyo watu wetu walifanya kosa ambalo lingefanyika huku tu: walijenga pale pale ubavuni mwa tuta. Huku kwetu kupata mahali pa msingi pasipo na kisiki wala kichuguu ni bahati, na bahati haiulizwi imetoka wapi. Dalali aliyeniuzia kiwanja alisema, "Mama, hapa masika yote hata kikombe hakijai." Nikamuuliza mbona ardhi imenyooka hivi. Akasema ni kazi ya Mungu. Nikataja nusu ya bei yake, akakubali kabla sijafunga mdomo. Mtu wa soko kama mimi alitakiwa kuogopa pale pale.

Fundi alipokuja kukiona alizunguka mara moja, akaenda mpaka kwenye kalavati la zamani lililo upande wa chini, akarudi.

"Mama, umenunua njia."

"Nimenunua kiwanja, fundi. Mwenyekiti wa mtaa amegonga mhuri."

"Mhuri upo. Na njia ipo."

"Sasa zile nyumba zote kule mbele nani kazijenga?"

"Mimi."

Ndivyo alivyokuwa. Aliiogopa ile reli kuliko mtu yeyote wilayani, na hakukuwa na mtu aliyejenga nyumba nyingi kando yake kuliko yeye. Nilimbana. Akanijibu huku anafuta mwiko wake kwa kanga kuukuu: "Nikikataa mimi atajenga mwingine, na huyo mwingine ukuta wake utapinda. Siku mkija kubomolewa, afadhali mbomolewe nyumba iliyonyooka."

Sikumjua mtu mwingine anayeuza kazi yake kwa maneno ya namna hiyo, na bado ukamwajiri.

Kwenye kazi alikuwa na utaratibu wake. Mafundi wote duniani wanapopanga msingi wanapigilia vigingi pembeni, wanafunga kamba. Fundi wetu hakugusa kigingi. Alibeba mawe, akayalaza kwenye kona, kamba akaizungushia jiwe. Jiwe linateleza, kamba inalegea, anaanza upya. Mimi nalipa kwa siku, kwa hiyo nilikuwa na maoni.

"Fundi, dukani nina mbao za kutosha. Nikuchongee vigingi bure."

"Baki navyo."

Mbuzi wake alimfunga kwenye mti. Hema la msiba likisimamishwa, alisaidia kila kitu isipokuwa kugonga zile mambo, vigingi vya kamba za hema. Mwaka mmoja mtoto wa jirani alikuwa anacheza, akachomeka vijiti mstari mmoja kuelekea uani kwa fundi, na yule mzee mpole akatoka mbio, akaving'oa vyote, akavivunja juu ya goti. Baadaye akampelekea mama wa mtoto unga na samahani.

Sababu yake nilielezwa na yeye mwenyewe, tukisubiri zege likauke. Reli ilipokuwa inakuja alikuwa mtoto wa mgongoni. Mzungu alipita na mnyororo wa kupimia na vijana wanne wenye vigingi vilivyochongwa ncha. Walipigilia kimoja upande huu wa nyumba ya wazazi wake, kingine upande ule. Mama yake alidhani wanapima mahali pa kuchimba kisima, akawapa maji ya kunywa. Wiki haikuisha nyumba ikawa chini. Mama akabeba nguzo za paa lake kichwani, mtoto mgongoni, akateremka bondeni. Na baba, kwa sababu watu lazima wale, akaajiriwa kwenye gengi, kikosi cha vibarua wa reli, la wale wale, akawa anashindilia kokoto chini ya mataruma, vile vyuma vinavyolaliwa na reli.

"Kwa hiyo baba yako alijenga reli iliyobomoa nyumba yake?"

"Na mimi nimekula mshahara wake, mama. Nilikuwa mnene."

Alicheka peke yake. Mimi sikuona pa kuchekea.

Kutoka kwa baba yule alirithi stesheni. Alizijua zote kwa mpangilio, kuanzia Mkwaya kwenye maji, Ruo ambako njia ya Mtwara na ya Lindi zilikutana, na vile vituo vidogo vya katikati ambavyo leo ni mashamba ya ufuta. Hakuzitaja kama mtu anayehesabu miji. Alizitaja kwa hofu yake kila moja. Hapa simba alimchukua mtu wa gengi akiwa ameshika chepe. Hapa tangi la maji lilikuwa linalia lenyewe jua likiwa kali. Hapa mchuuzi wa mayai alipanda behewa la mizigo, mlango ukafungwa, akafunguliwa mwisho wa safari na mayai yake yote mazima, yeye hasemi. Akiwa anapiga lipu alizitaja moja moja kuja huku kwetu, na kila mara aliishia kituo kimoja kabla ya Nachingwea.

"Mbona hufiki, fundi?"

"Nikifika itabidi nishuke."

Siku moja tukitoka kupima ghala la mteja kijijini Chinongwe, nilimtaka anionyeshe mojawapo ya stesheni hizo. Palibaki jukwaa tu, sakafu ndefu ya zege katikati ya majani, na wanawake walikuwa wameanika mihogo juu yake. Nilipanda. Fundi alibaki chini.

"Panda uone, zege zuri sana hili."

"Zege naliona. Nawaona na wanaosubiri."

"Nani?"

"Baba alisema siku ile treni ilipopita mara ya mwisho hawakutangaziwa. Kesho yake watu wakaja na mizigo, na kuku, na tiketi mkononi. Wakasubiri mpaka jua likazama."

"Walirudishiwa nauli?"

Akaniangalia kwa huruma, kama mtu aliyegundua ugonjwa wangu.

"Hawakurudishiwa. Ndiyo maana nasema wanasubiri. Treni yenye tiketi za watu haijaondoka moja kwa moja, mama. Itarudi kuwachukua, na ikirudi itapita pale pale."

Nikashuka kwenye lile jukwaa taratibu, kwa heshima, kama anayetoka kwenye nyumba ya msiba.

Chuma cha reli hakukitaka nyumbani kwa mtu. Mataruma yapo mengi huku, watu wameyafanya nguzo za mazizi, vipande vya reli vinagongwa kama kengele shuleni. Mteja akimletea kipande akiweke juu ya dirisha badala ya lenta, fundi anakikataa. Anasema chuma kile hakitulii, kinasubiri wenzake. Nilimwambia ni imani tu. Akasema sawa, imani, akaendelea kusuka lenta kwa nondo nilizomuuzia mimi, kwa hiyo nami sikuona haja ya kuendelea kubishana.

Alikuwa na vitu vingine vilivyonitatiza. Alipenda sana redio, lakini taarifa ya habari ikifika kwenye miundombinu aliizima. Alisali safu ya mbele, na bado alinunua hirizi akaifukia pembeni ya kila msingi aliojenga kando ya tuta, kwa gharama yake, bila kumwambia mwenye nyumba. Nilimwona kwangu. Nikajifanya sikumwona, kwa sababu kitu cha bure sikatai. Na kazi ikichelewa kuisha, hata mvua ikimkuta, hakulala kwenye nyumba yoyote aliyoijenga. Alifunga mwiko kwenye mfuko wa saruji akateremka bondeni.

Hofu ya mtu ni kama mafua, ukikaa naye unaipata. Mwaka wa pili nilijigundua nikitoka mlangoni kwangu naangalia kulia, naangalia kushoto. Kwangu mwenyewe, naenda bafuni.

Halafu habari zikaanza. Reli inarudi, mpya, ya kisasa. Kila aliyetoka Dar alikuwa na yake: inapita Masasi, haipiti, inapita kwa shemeji yake. Sikutaka kusikia. Asubuhi moja dukani kwangu Ruangwa wakaingia vijana wawili wenye vizibao vinavyong'aa, gari lao limejaa vumbi la barabara ya Matambarale.

"Shikamoo mama. Rangi nyekundu ipo?"

"Marahaba. Ipo. Mnapaka nini?"

"Alama alama tu."

Rangi ile ilikuwa imenidodea. Nyekundu inayoelekea kahawia, hakuna aliyeitaka hata kwa lango la choo. Wakachukua makopo yote. Wakaomba niwapunguzie, nikakataa, wakafanya kama wanaondoka, nikapunguza, wakaomba na brashi ya nyongeza. Nikawapa. Walipoondoka nilijisifu mbele ya msaidizi wangu wa duka kwamba hivyo ndivyo mzigo uliolala unavyoamshwa.

Kesho yake alasiri jirani yangu, muuza maandazi, akanipigia simu.

"Dada, umewekewa alama ya X."

"Wapi?"

"Ukutani. Kubwa. Sote tumewekewa, ila ya kwako wameipaka mara mbili, nadhani ukuta wako ulikuwa unanyonya."

Nilifunga duka, nikarudi Nachingwea. Rangi niliitambua kabla sijaitambua nyumba. Nilisimama mbele ya bidhaa yangu mwenyewe, nimeiuza kwa punguzo na brashi juu, nikajaribu kuipangusa kwa kanga. Ilikuwa imeshika vizuri sana. Ni rangi nzuri, kumbe.

Mkutano wa mtaa ukaitwa. Mwenyekiti alieleza, na kila aliposema "tulieni" watu walizidi kushikana mikono. Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Aliye nje ya hifadhi ya reli ya zamani atalipwa fidia. Aliye ndani ya hifadhi amejenga kwenye mali ya umma, atabomolewa bila senti. Mawe ya mpaka wa zamani hayapo, yameshaliwa na misingi na mashine za kusaga. Wapima wanasema upana huu, wananchi wanasema ule. Basi wamekubaliana wapima waje Alhamisi, wasikilize mzee anayejua mpaka ulipokuwa.

Tukatazamana. Wazee wa reli wote wameshazikwa. Alibaki mmoja, na hata mkutanoni hakuja.

Kuanzia siku hiyo njia ya kwenda bondeni ilipata watu kuliko ya sokoni. Walipeleka mchele, mafuta, vitenge. Mwingine alipeleka mbuzi, akamfunga kwa kigingi pale uani, na nimeambiwa fundi alichungulia dirishani akakataa kutoka mpaka jioni. Kijana mmoja hakupeleka zawadi. Alipita akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba nyasi zinashika moto haraka. Yule mzee akaacha kwenda msikitini. Mtu aliyeogopa treni miaka yote sasa aliogopa hodi.

Mimi nilikwenda Jumatano, asubuhi. Nilibeba sukari kilo mbili na kuku. Nilikuwa nimeshapanga maneno njiani, nayajua kama ninavyojua bei ya nondo: fundi, mpaka ulikuwa karibu na tuta, hatua chache tu, sisi wote tuko nje, useme hivyo, na nyumba yako nikuezekee bati bure, nyumba nzima. Nilikuwa nimeshapiga hesabu ya yale mabati na ya fidia. Mara mbili.

"Hodi, fundi. Ni mimi, mama wa misumari."

Mlango ulifunguka kidogo. Alikuwa amekonda, kofia imemzidi kichwa.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Kuku mfungue arudi nawe. Ninao watano humu, wanapigana."

Niliketi kwenye kinu kilichogeuzwa. Nikaanza maneno yangu, nikafika kwenye mabati, akaniinulia mkono taratibu, kama anavyomzuia kibarua asimwage zege kabla ya wakati.

"Sebule yako unajua iko wapi?"

"Iko kwangu, fundi."

"Lilikuwa jiko la mama yangu. Alinionyesha nikiwa mkubwa, kutokea kwenye kalavati. Siku uliyonipeleka kuona kiwanja nilipajua."

Kuku alipiga mbawa, nikambana kwa goti.

"Na hukusema?"

"Ningesema ungejenga kwingine?"

Alinijua vizuri. Akavuta pumzi, akaendelea kwa sauti ya chini, akiangalia mlango.

"Mama alitaka kuondoka, siku ile baba alipoingia gengi. Alisema hawezi kumpikia mtu anayekula kwa waliombomolea. Baba akamwapia kwa Mungu kwamba alikwenda kuuliza, akaonyeshwa, nyumba yetu ilikuwa ndani ya mpaka. Ndani kweli. Hawakutuonea, ni kipimo tu. Kwa neno hilo mama alibaki. Alipika miaka yote, akazaa wengine watatu, yeye na baba wamezikwa pamoja pale nyuma. Mimi mwenyewe kigingi sikukiona, nilikuwa mgongoni. Nina neno la baba tu."

Nje kulipita watu, akanyamaza mpaka nyayo zikaisha.

"Kesho nikisema nyumba ya mama ilikuwa ndani, wewe na wenzako mlio mstari mmoja naye mnatoka kama yeye alivyotoka, mmebeba nguzo. Nikisema ilikuwa nje, mnalipwa, na mimi nimesimama mbele ya watu nikasema mama yangu alibomolewa bure na baba yangu alimdanganya mpaka kaburini. Watu wote wanaokuja hapa wanataka kuninunua. Wewe angalau unajua kitu kina thamani gani kabla hujakinunua."

Akaisukuma ile sukari ikanirudia miguuni.

"Basi nishauri, mwanangu. Usinipe bei, nishauri. Nimweke mama ndani, au nimtoe nje?"